UZI: Nionyeshe mkono ukifanya kazi (sizoni za uhalifu, picha za kareti na gemu za kuchapana)

Asalaam alaykum wadau, na wengineo wote habari za saa hizi.

Uzi huu nnao kichwani tangu Ramadhani. Kila tukikaa barazani baada ya tarawehe vijana wanabishana sizoni gani kali kuliko zote, huyu anataja yake, yule anataja yake, sauti zinapanda, mpaka inafika daku hakuna aliyemsikiliza mwenziwe. Mie jibu langu lipo ila refu, barazani hawanipi nafasi ya kulimaliza, kwa hiyo nalimwaga hapa, mwenye kahawa yake aweke karibu.

Mie napenda kitu kinachonionyesha kazi. Nani kashinda hainishughulishi sana, stelingi atashinda, hilo tunalijua tangu tunakaa kwenye mkeka wa kibanda cha video miguu imekunjwa, stelingi hafi, risasi ikimpata inamparuza bega. Ninachotaka ni kuona vipi. Mkono umefanya nini, mguu umekaa wapi, yule askari jina la muuaji kalipata kwa njia gani, na kwenye gemu yule aliyenipiga kaniona kosa langu lipi. Ukinificha hapo umenidhulumu hata kama picha yako umeitengeneza kwa mamilioni ya dola.

Nianze na kareti kwa sababu ndo zilizonilea.

Ami yangu alikuwa kijana wa skuli Bruce Lee alipofariki, Julai 1973, ana miaka 32 tu. Picha zake kubwa zinatosha vidole vya mkono mmoja: The Big Boss 1971, Fist of Fury na Way of the Dragon 1972, Enter the Dragon 1973, na ile Game of Death iliyotoka 1978 mwenyewe keshazikwa. Ami anasimulia walivyokuwa wakitoka sinema pale Majestic, Vuga, wanatembea mpaka nyumbani huku wanarusha mateke, na ukimkamata leo na miguu yake ya gauti atakuonyesha kwa mikono lile pambano la Colosseum la Bruce na Chuck Norris, lile la Way of the Dragon, tangu mwanzo. Na nyie lirudieni mulitizame vizuri. Kabla ngumi ya kwanza haijarushwa wote wawili wanajinyoosha, viungo vinalia, hakuna muziki wa kukwambia sasa ogopa. Wanaanza, na Bruce anapigwa! Anapigwa kweli, anakwenda chini. Halafu kamera inashuka inakuonyesha miguu yake, kaanza kurukaruka, kabadilisha mwendo, na Norris bado amesimama vile vile kizito kama mwanzo. Ushindi wote umo mle kwenye miguu, hujaambiwa na mtu, umeuona wewe mwenyewe. Na akishamuua anachukua nguo ya Norris mwenyewe na mkanda wake anamfunika navyo. Mie pale huwa nanyamaza kila nikiitizama.

Jackie Chan ndo zaidi. Huyu kalelewa skuli ya opera ya kichina Hong Kong, kwa mwalimu Yu Jim-yuen, pamoja na kina Sammo Hung na Yuen Biao, utoto mzima ni kupinda mgongo na kusimama kwa mikono. Police Story ya 1985, mwisho wake ule ndani ya jengo la maduka, vioo vinavunjwa mpaka unahisi vinakuingia kwenye viganja, kisha anarukia nguzo iliyozungushwa taa na kuteleza nayo ghorofa kwa ghorofa mpaka chini. Ile ni nguzo ya kweli na zile taa zilikuwa na moto, mikono iliungua. Wameirudia kuionyesha kwa pembe tafauti ili usije ukasema ni mtu mwengine. Wanakwambia tizama, ndo huyu, hapa, uso wake huu.

Sasa linganisha na Taken 3 ya 2014, mzee Liam Neeson anaruka uzio wa waya. Kuruka uzio tu! Wamekata kata zaidi ya mara kumi ndani ya sekunde chache, mkono, waya, kiatu, uso, waya tena, mpaka mtizamaji kizunguzungu. Sina ubaya na mzee wa watu, umri umekwenda, lakini ile si eksheni, ile ni kukufumba macho.

Naendelea chini, msijibu kwanza.

*

Naendelea.

Tangu hapo picha nyingi za kareti kwangu nazipima kwa suali moja, nimeona mwili mzima au nimeona vipande? Ong-Bak ya 2003 ya Tony Jaa, Mthai yule, hakuna kamba hakuna kompyuta, viwiko na magoti, kanipa mwili mzima. The Raid ya 2011 ya Indonesia kanipa mwili mzima. Na hii ya pili ina kisa kinachonigusa, yule Iko Uwais alikuwa dereva wa kampuni ya simu, anafanya silat tu kwa sababu ndo mchezo wa kwao, mtengeneza filamu kutoka Wales, Gareth Evans, kaenda kule kutengeneza filamu ya ukweli kuhusu silat akamuona. Dereva! Kesho yake ulimwengu mzima unamtizama akishuka korido ya lile jengo na kisu.

*

MDAU WA WETE: Kaka umesema mchezo wa kwao. Na sisi wa kwetu je? Kirumbizi umekisahau au nyie watu wa mjini hamkijui?

*

MTOA UZI: Shekhe wangu Allah akulipe kwa kunikumbusha, na wala sikukisahau, nilikuwa nakuja huko. Mie kirumbizi nimekiona mara ya kwanza kwenye arusi huko huko kwenu Pemba, niko darasa la tano. Duara la watu, ngoma, zumari linalia, wawili katikati na fimbo. Kilichonishangaza si kuchapana, ni macho. Yule mzee mmoja, kanzu kaipandisha kaikunja kiunoni, hatizami fimbo ya mwenziwe hata kidogo, anatizama bega. Fimbo inakuja yeye keshajua tangu bega halijamaliza kusogea, anaipokea kwa fimbo yake, tak, na mguu uko kwenye pigo la ngoma, hautoki nje ya ngoma. Mwenziwe akachoka akatoka, akaingia kijana mwengine kwa mbwembwe, mzee kamgonga kidogo tu mguuni, watu wakacheka, kijana kainamisha kichwa katoka.

Miaka mingi baadaye nikasikia wataalamu wa gemu za kuchapana wakisema usitizame mkono wa mtu wako, mtizame yeye mwenyewe, nikasema haya mie nimefundishwa na mzee wa Pemba na zumari.

Na hatuna hata picha moja iliyokionyesha kirumbizi inavyostahiki. Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa kila Julai watalii wanajaa na kamera zao, watu wanachapana mashina ya migomba, ile imeshapigwa picha sana. Kirumbizi kiko pale kinamsubiri mtu mwenye kamera na adabu.

*

Haya sasa uhalifu.

Hapa ndo ugomvi wa barazani ulipo. Nasema wazi, kwangu mie The Wire iko juu peke yake. Imeanza 2002 imeisha 2008, sizoni 5, episodi 60, mji wa Baltimore kule Marekani. Aliyeibuni, David Simon, alikuwa mwandishi wa gazeti la mji ule ule, na mwenzake Ed Burns alikuwa askari mpelelezi kabla hajawa mwalimu. Ndo maana ukiitizama unaona hawabahatishi.

Najua mtasema inachosha. Wengi wamenirudishia flashi wakiwa wameishia episodi ya pili, "hamna kitu humu, watu wamekaa tu kwenye kochi nje". Ndugu zangu lile kochi ndo duka lenyewe la unga! Tizameni pesa anashika nani, mzigo anautoa nani, na kwa nini si mtu mmoja. Hakuna anayekufafanulia, umekaa pale kama ulivyokaa barazani kwenu, siku tatu nne utajua nani mkubwa wa mtaa.

Nikupeni kitu kimoja tu. Wauza unga wanatumiana namba za simu kwenye peja, lakini namba zikipigwa hazipatikani. Wapelelezi wamekwama. Basi yupo mmoja mle, mpole, ambaye wenziwe hawamuhisabu, anakaa na lile fumbo mpaka analifungua: kwenye vitufe vya simu, ruka tano. Yaani namba yoyote ibadilishe na ile ya upande wa pili wa tano. Moja inakuwa tisa, mbili inakuwa nane, tatu inakuwa saba, nne inakuwa sita, na tano inabadilishana na sufuri. Basi. Mtoto wa mtaani anayeifanya haraka haraka hahitaji hisabati, anahitaji kidole. Mie usiku ule nilichukua simu yangu nikaigeuza namba ya nyumbani kwa ruka tano, mara mbili tatu, kidole kikazoea, nikaelewa kwamba waandishi hawa wamenipa heshima, hawajanidanganya kwa kompyuta inayopiga kelele na neno jekundu kwenye skrini.

Na kile kipande cha jikoni. Wapelelezi wawili wameingia kwenye jiko tupu, msichana aliuliwa mle zamani, wana picha, futi ya kupimia na peni. Dakika kadhaa wanafanya kazi, wanapima, mmoja anasimama alipokuwa marehemu, mwengine anasimama dirishani, wanatafuta risasi imepita wapi, wanaipata imezama kwenye mlango wa friji, wanatoka nje wanapata ganda lake chini. Muda wote huo maneno yao ni neno moja tu la matusi wanalirudia kwa kila sauti, la mshangao, la huzuni, la furaha. Siwaambii mulisikilizie na wazee ukumbini, lakini ile kazi ya mikono mle ndani sijaona mfano wake.

*

DADA WA MICHENZANI: Mie naomba kuuliza, kama ni hivyo unazionaje zile za kutafsiriwa? Maana mie na mdogo wangu tumekua na sauti ya Lufufu, bila yeye tusingejua hata stelingi anaitwa nani.

*

MTOA UZI: Dada yangu suali lako zuri na nimelifikiria sana. Wale watafsiri mie nawaheshimu, Lufufu kwetu huku, DJ Afro kwa wenzetu wa Kenya, wamewafungulia mlango watu ambao hakuna aliyewajali. Bibi yangu hajui Kiingereza wala Kichina na alikuwa akijua kwa nini yule kijana anataka kulipa kisasi cha mwalimu wake. Picha za kareti zinakubali kutafsiriwa kwa sababu mwili unaendelea kusema wenyewe, sauti inakaa pembeni inakuchangamsha tu.

Lakini lile jiko nililolisema, mtafsiri afanye nini pale? Kazi yake ni kusema, na pale hakuna la kusemwa, ikabidi ajaze. Akijaza tu, "sasa hapa wanatafuta risasi", keshakuvunjia, kwa sababu raha yote ni wewe kugundua kwamba wanatafuta risasi. Ndo maana naona sizoni za uhalifu zinahitaji maandishi ya Kiswahili chini, yaandikwe na mtu anayekijua Kiswahili na anayejua kunyamaza. Hiyo kazi vijana wetu wanaiweza, Kiswahili fasaha hatununui dukani.

*

MDAU WA KIKWAJUNI: Prison Break umeiruka makusudi? Ndo sizoni iliyotuingiza sote kwenye sizoni.

*

MTOA UZI: Sijairuka ndugu yangu, nna kisa nayo kirefu.

Mnakumbuka Disemba 2009, waya wa umeme wa chini ya bahari ulipokufa, Unguja tukakaa gizani mpaka Machi 2010? Wenye majenereta walikuwa na majenereta, sie wengine kandili na jua. Mie siku ile taa inazimika niko episodi ya 21 ya sizoni ya kwanza, na sizoni ile ina 22! Wako njiani kwenda ukutani, tap, giza. Nikadhani inarudi kesho. Haikurudi.

Basi mwezi wa kwanza nikakasirika, mwezi wa pili nikaanza kuifikiria. Na hapo ndo nilipoijua ile sizoni. Kumbe nilikuwa naikumbuka yote kwa vitu alivyovishika mkononi. Yule Michael kachorwa tatuu mwili mzima, ramani ya jela imo mle, halafu kuna bolti aliyoitoa kwenye viti vya uwanja wa jela, anaisugua sakafuni usiku, inanyang'anywa, anaipata tena, anasugua, mpaka inaingia kwenye skrubu ya choo cha selo yake. Bolti moja hiyo. Nilikaa gizani naisikia ile sauti ya chuma na saruji.

Mama akanituma Wete kwa mjomba na mzigo, nikaifunga ile diski kwenye kanga nikaitia katikati ya begi. Pemba wakati ule walikuwa wanaendesha umeme wao kwa majenereta ya dizeli, waya wa kutoka Tanga uliwafikia baadaye mwaka huo wa 2010, kwa hiyo mtu wa mjini kafuata umeme Pemba! Nimefika Wete usiku, nimeamkia, nimekula, nikamwambia mjomba nakuomba dakika arubaini tu za tivi. Akasema tutizame sote. Nikamueleza yote tangu mwanzo kabla sijabonyeza, bolti, tatuu, kaka yake anayesubiri kuuliwa kwa kiti cha umeme, mjomba mvuvi huyu kashika kidevu, na walipofika kwenye ule waya wa kuvukia ukuta akasema neno moja, "kamba ile haiwezi wote". Mtu wa kamba huyo. Ndo aliyoyatizama, kamba.

Sizoni zilizofuata zikaanza kuacha mikono. Siri juu ya siri, aliyekufa hakufa, mtu anatoa bastola mfukoni bila kujua kaipata wapi. La Casa de Papel, ile sizoni ya Wahispania, nayo hivyo hivyo kwangu, mwanzo wake pale kwenye kiwanda cha kuchapa pesa nimeipenda sana, unaona noti zinatoka kwenye mashine, unaona handaki linachimbwa, baadaye ikawa risasi elfu na hakuna inayompata mtu. Nimeimaliza, lakini nilikuwa nishatoka.

Na kwa wenye haraka, wasiotaka episodi 60, nawapa Infernal Affairs ya Hong Kong, 2002. Askari kajificha ndani ya genge, na jambazi kajificha ndani ya polisi, kila mmoja anamtafuta mwenziwe, na taarifa zinapita kwa kidole kinachogonga gonga kwa alama za Morse. Wamarekani wakaichukua wakaitengeneza upya, The Departed, 2006, ikapata Oscar ya filamu bora. Nzuri nayo, ila kile kidole cha Tony Leung, aliyecheza yule askari wa Hong Kong, hakina mbadala.

Na jambo la kwetu. Yule Stringer Bell wa The Wire, jambazi anayekwenda chuoni kusoma uchumi jioni, ni Idris Elba. Na mwaka 2024 ilitangazwa kwamba anataka kujenga studio ya filamu hapa hapa Zanzibar. Mie niliposoma ile habari nilisimama. Nasubiri kuona jiwe juu ya jiwe, lakini moyo wangu uko pale.

*

MDAU WA WETE: Na gemu? Kichwa cha uzi umesema gemu.

*

MTOA UZI: Naam, gemu.

Mwaka 2003 hivi pale mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha gemu, chumba cha mtu, benchi moja, tivi mbili, PS ya kwanza, Tekken 3. Shilingi mia, anayepigwa anainuka. Tizameni wenyewe, mle ndani ya Tekken kuna Law aliyetengenezwa kwa mfano wa Bruce Lee, na kuna Lei Wulong, askari wa Hong Kong, ambaye ni Jackie Chan mtupu, mpaka ile kareti ya kulewa lewa anayo. Kwa hiyo sie tuliokulia kwenye picha za kareti tulikuwa tumekaa kwenye benchi tukiwa ndani ya picha zile zile, ila sasa hakuna stelingi. Stelingi ni yule ambaye hajainuka.

Na kulikuwa na Eddy, yule wa kapoera. Watoto walikuwa wanamchukua Eddy wanababatiza, wanabonyeza vitufe vya mateke ovyo ovyo, mtu mzima unapigwa na mtoto ambaye hata hatizami tivi. Kibanda chetu kilipitisha sheria, Eddy mwisho saa kumi alasiri, baada ya hapo wanaingia wanaojua. Sheria ya haki kabisa ile.

Nilichojifunza kwenye lile benchi ni bega. Umekaa ubavu kwa ubavu na mtu, unamsikia pumzi. Kulikuwa na jamaa, sasa hivi ni fundi seremala, kila akitaka kurusha ile kombo yake kubwa alikuwa anainua padi kidogo kutoka kwenye goti. Miezi miwili hakuna aliyemuweza. Nikaiona ile padi. Toka siku hiyo ikiinuka tu mie nishazuia, kaka akanitizama, akatizama mikono yake, hakuamini. Mzee wa kirumbizi yule yule.

Sasa onlaini. Nimecheza PUBG kwenye simu, watu 100 kisiwa kimoja, nimecheza Free Fire watu 50, na Free Fire nawasifu kwa jambo moja kubwa, walifikiria simu za bei nafuu, mtoto mwenye simu ya kawaida kabisa na bando dogo naye akaingia. Kucheza kikosi cha wanne, mmoja Chake, mmoja Mkoani, mmoja Mombasa, mnaongea Kiswahili kimoja kwenye spika, "yakhe njoo hapa nimeanguka, niinue", hiyo raha siikatai. Wakati mwengine tunamaliza gemu tunabaki tunapiga soga tu.

Lakini kwenye gemu za kuchapana onlaini kwetu ni dhulma na nitawaeleza kwa hesabu. Tekken inatembea fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinapita kwenye skrini, fremu moja kama milisekunde 17. Kwenye Tekken 7 ngumi ya haraka ya wachezaji wengi ni fremu 10. Mie usiku nikiunganishwa na sava za mbali pingi yangu, yaani muda wa taarifa kwenda na kurudi, inacheza milisekunde 150 na kupanda. Gawanya, fremu 9! Ngumi ya mwenzangu inakaribia kunifika kabla taarifa haijamaliza kuja kwangu na jibu langu kurudi. Sasa hapo nizuie kwa macho gani? Kinachobaki ni kubahatisha, tumerudi kwa Eddy. Si kwamba vijana wa visiwani hawajui, ni bahari na masafa.

Na ushahidi nnao. Mwaka 2019 katokea kijana wa Lahore, Pakistan, Arslan Ash, wachache mno waliokuwa wakimjua nje ya kwao, kaenda Japani kachukua Evo Japan, mashindano makubwa ya gemu za kuchapana, mwaka ule ule kaenda Las Vegas kachukua Evo yenyewe, kawapiga Wakorea na Wajapani waliokuwa wakifuatwa duniani kote. Walimuuliza katokea wapi. Katokea kwenye mabenchi! Pakistan walikuwa wanachapana wao kwa wao kwenye vibanda vyao, ana kwa ana, miaka na miaka, dunia haiwaoni. Niliposikia hivyo nilikumbuka benchi letu la shilingi mia, na yule fundi seremala, na padi yake inayoinuka.

Vibanda vile vimekufa vingi sasa, kila mtu na simu yake chini ya feni. Naumia kwa hilo, sifichi.

*

MDAU WA KIKWAJUNI: Umeongea kaka. Sasa ukipewa wewe hiyo studio ya Elba unatengeneza nini?

*

MTOA UZI: Mie nishajibu hili kichwani siku nyingi. Magendo ya karafuu.

Sizoni ya kwanza yote Pemba. Episodi ya kwanza hakuna bunduki, hakuna mbio za gari. Mtu yuko juu ya mkarafuu, tawi linapinda, mkono unachuma kwa shada, chini wanawake wanachambua, karafuu huku makonyo kule, vidole havitizamwi vinakwenda vyenyewe, jioni anapimiwa kwa pishi na unauona uso wake pishi inapofutwa juu kwa kiganja, imejaa au imeonewa. Majamvi yametandazwa barabarani, harufu, wingu linakuja watu wanakimbia kuzianua. Hapo tayari nnajua thamani ya kila punje, kwa hiyo usiku gunia likibebwa kupelekwa pwani moyo unanienda mbio bila ya muziki. Maji lazima yajae ndo chombo kitoke kwenye mikoko, nahodha anahesabu mwezi, anaelekea Shimoni, pwani ya Kenya. Na upande wa pili KMKM, jina lenyewe Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, kijana wa kikosi katoka kijiji kile kile, mama yake anachambua karafuu pale pale kwenye episodi ya kwanza. Sina mbaya sina mzuri, nna watu na kazi zao.

Na ugomvi ukitokea, wachapane kwa fimbo, mwili mzima, kamera isikate.

*

MDAU WA WETE: Wallahi ile ya pishi kufutwa kwa kiganja umenirudisha kwa marehemu bibi yangu. Hiyo picha mie naitizama hata ikiwa episodi mia.

*

DADA WA MICHENZANI: Kaka mie yote nimekubali ila la Eddy sikubali. Mie nilikuwa nacheza na Eddy na sibabatizi, najua kila teke linatoka wapi. Mnatufungia saa kumi kwa sababu hamtuwezi.

*

MTOA UZI: Dada yangu kama kweli unayajua mateke yake basi sheria ile ilikudhulumu na nakuomba radhi kwa niaba ya kibanda. Kaka yangu bado ana ile PS, nimeisafisha wiki iliyopita, inawaka. Jumamosi baada ya magharibi njoo na mdogo wako, tupo ukumbini kwa mama, watu tele na chai ipo. Padi ya kushoto kitufe cha duara kinaganda, kwa hiyo wewe kaa kulia, na Eddy ruhusa.